Mashauri ya Subira kwa Wanaokwenda Unguja

Siku zile, mutu wa Kasongo akiwa na safari ya kisiwani Unguja, alianza kwa bwana administrateur, mukubwa wa serikali, kuomba karatasi ya njia, halafu alikwenda kwa Subira. Karatasi ilikuwa ya kumutoa Kasongo. Subira alikuwa wa kumufundisha namna ya kufika. Na huyo Subira, usicheke, hakuwa ameona bahari hata siku moja. Maji makubwa aliyoyajua ni Lualaba pale Nyangwe, na huko alikwenda kununua samaki tu, akarudi.

Tulikuwa majirani. Mimi mutu wa misioni, yeye mutu wa musikiti, katikati yetu ukuta wa matete wenye matundu mengi kuliko matete. Nikitwanga mpunga wangu asubuhi, nasikia yake yote. Yeye alikuwa anapika vitumbua, na watu walikaa kwenye uwanja wake kula na kuongea, na kama kulikuwa na musafiri, Subira aliacha mwiko, akafuta mikono, akaanza.

Mashauri yake nayajua kwa moyo. Mengine yalikuwa ya kweli, nimeyahakikisha mwenyewe baadaye. Maji ya bahari yakirudi nyuma, usiyafuate kuokota kombe, maana yatarudi na wewe uko katikati. Usikanyage kitu cheusi chenye miiba ndani ya maji. Usiweke mukeka chini ya munazi, hata kama kivuli ni kizuri. Dafu moja siku ya kwanza, si matatu, tumbo la Kasongo halijazoea.

Lakini hayo yalikuwa ya mwisho mwisho. Ya kwanza, yale aliyoyasema akiwa amenyoosha mugongo, yalikuwa haya. Nimemusikia akimupa Abedi, yule muuza vitambaa mwenye kucheka sana, alipokuwa anakwenda kutafuta bidhaa kisiwani.

"Abedi, viatu. Ukikaribia nyumba ya watu, vua kwenye kona ya njia, shika mukononi."

"Viatu vyangu vipya, mama?"

"Ndiyo sababu. Kule muchanga ni wa matumbawe, unakula ngozi. Na mulango wa mbele uache, ule ni wa kupitisha upepo. Wageni wanazunguka nyuma kwenye kivuli. Jua la bahari linapiga uso wa nyumba, utaanguka."

"Sawa."

"Wakikaa kula, weye simama ungoje. Chakula cha nazi kikiwa cha moto kinaharibu tumbo la mugeni. Wenyeji wakimaliza, kimepoa, ndiyo unakula. Mukitembea, usiende nao sambamba, njia za kule ni nyembamba. Kaa nyuma yao. Kulala, usikubali ghorofani. Upepo wa bahari unaleta homa. Lala chini, karibu na jiko. Nguo iwe kaniki nyeusi, maana chumvi ya hewa inakula rangi. Na wakikuita jina lingine, itika."

"Jina gani lingine? Miye ni Abedi."

"Watakupa lao. Ndiyo mapenzi ya kule. Mama yangu walimupa."

Hapo ndipo yote yalipotoka, kwa mama yake. Mama Mwamini alikaa Unguja toka mutoto mudogo mpaka musichana, halafu akarudi na mubeba mizigo mumoja wa huku kwetu, akamuzaa Subira, huyo baba akafa mapema. Hakuwa mutu wa kusimulia. Alichomuachia mutoto wake ni namna ya kukaa Unguja, na kila jambo lilikuwa na sababu yake nzuri, ya jua, ya upepo, ya chumvi. Mutoto akiuliza kwa nini, alipewa sababu, akanyamaza.

Na Subira alikuwa na haja na kule kuliko wote aliowafundisha. Nieleze vizuri. Katika mitaa ya musikiti watu wanahesabu babu. Huyu babu yake alitoka Tabora, yule wa Nyangwe, yule alikuwa mwandishi wa Mwarabu fulani. Subira hakuwa na babu wa kuhesabu, wala kaka, wala mutoto. Mume wake alipofariki, alikaa eda yake ndani ya nyumba kama desturi. Eda ikiisha, ndugu za mwanamuke wanakuja na nguo mupya, wanamuosha, wanamuvalisha, wanatoka naye mbele ya watu, ili wote wajue kwamba ana kwao. Siku hiyo watu walikaa nje wakingoja. Hakuja mutu. Shemeji zake walikohoa, wakatazamana. Saa ya adhuhuri Subira alitoka peke yake, ameoga mwenyewe, amevaa nguo yake ya zamani, akawapita, akaenda kuwasha moto wa vitumbua.

"Huyu hana kwao," muke wa shemeji mumoja alisema, hata hakushusha sauti.

Subira aligeuka. "Kwetu ni Unguja. Nyumba ya Bibi Zuwena, yenye mulango wa misumari ya shaba. Ni mbali tu."

Tangu siku ile hakuwa na neno lingine. Kwenda, kupokelewa katika nyumba ile, na kurudi watu wajue. Basi. Hakuomba kitu kingine duniani. Kila alipokwenda kwa administrateur, alifukuzwa. Serikali haikupenda Waislamu wasio na biashara waende huko, ilisema wanarudi na maneno.

Abedi alirudi kabla ya mvua. Alikuja asubuhi, wamama wamejaa kwenye uwanja na sahani zao, akaingia na viatu miguuni mpaka karibu na jiko. Hakuwa anacheka.

"Subira, nani alikufundisha mambo ile?"

"Salamu kwanza, Abedi."

"Salamu gani! Nilizunguka nyuma kama ulivyosema. Viatu mukononi. Mupishi akanitazama miguu, akanipa ndoo. Ndoo, Subira! Alisema kisima kiko kule."

Mama mumoja alianza kucheka mpaka kitumbua kikamutoka mudomoni. "Na weye uliteka?"

"Niliteka! Nilizani ni desturi ya kule, mugeni anaanza kwa maji. Nilijaza pipa zima!"

Hapo uwanja wote ulilipuka, na mimi nyuma ya matete niliacha muchi nikashika mbavu. Lakini Abedi aliendelea kusimama pale pale, na sauti yake ilishuka, tukanyamaza mumoja mumoja.

"Mwenye nyumba alitoka, mufanyabiashara, mutu niliyekwenda kununua kwake. Akanikuta na ndoo. Alicheka kama munavyocheka. Halafu akaacha kucheka, akanishika bega, akaniuliza pole pole: Abedi, babu yako alikuwa wa nani? Hakuuliza babu yako nani. Aliuliza alikuwa *wa* nani."

Subira aligeuza vitumbua vyake, kimoja, kingine. "Uliingia nyumba mubaya," alisema. "Watu wa kujipandisha, wasiojua adabu ya kale. Ungekwenda kwa Bibi Zuwena."

"Basi nenda weye mwenyewe kwa Bibi Zuwena."

"Nitaenda. Na wakinipokea, utakuja hapa, mbele ya hawa wamama, utavua viatu hivyo unavyonikanyagia navyo uwanja."

"Na wasipokupokea?"

Aliweka mwiko chini. "Basi hamutaniona tena hapa Kasongo."

Kiapo ni kitu kibaya kinywani mwa mutu mwenye kiburi. Nilimwambia hivyo jioni ile kupitia matundu. Akanijibu nitwange mpunga wangu.

Karatasi ilipatikana kwa namna ambayo mutu hawezi kuizua. Alikuja administrateur mupya na madame wake, na madame alikuwa amechoka na Kasongo kabla ya kufungua masanduku. Alitaka kwenda kupumzika kwenye kisiwa chenye minazi. Mutu akamwambia, iko mwanamuke hapa anajua Unguja yote. Madame akaja na kiti chake mwenyewe, kimebebwa na boy wake nyuma, akakiweka katikati ya uwanja. Mimi niliitwa kutafsiri, kwa sababu masista walikuwa wamenipa Kifaransa kidogo, ingawa madame alilazimisha Kiswahili chake.

Subira alimupa yote, bila kupunguza. Viatu, mulango wa nyuma, kungoja chakula, kulala karibu na jiko. Madame alisikiliza, akafurahi.

"Ah, muzuri sana! Ni sawasawa boy yangu! Yeye anaingia nyuma, hapana viatu, anakula kisha siye. Na miye naita yeye Joseph, juu jina yake iko nguvu kusema." Akamuonyesha boy aliyesimama nyuma ya kiti, mutu muzima mwenye mvi. "Lakini miye nataka hoteli. Hoteli ya kule iko na mulango ya nyuma?"

"Kila nyumba ina mulango wa nyuma, madame," Subira alisema kwa heshima.

Yule boy alimutazama Subira. Mimi pia nilimutazama. Yeye alikuwa anafunga vitumbua kwenye jani la ndizi, zawadi ya madame.

Madame alipenda vitumbua, akamwambia bwana wake. Karatasi ikatoka, na langu jina likaandikwa pale chini, kama musomaji wake, maana Subira hakujua hata a.

Njia siwezi kuieleza yote. Kamio, lori ya kubeba mpunga, ilitubeba mpaka Kabambare, mvua juu, tope chini, tukishuka kusukuma pamoja na wanaume. Kabambare tulikaa kungoja daraja litengenezwe. Subira alikuwa na furaha kama bibi arusi. Alikuwa amenunua viatu vyeupe, vimefungwa ndani ya kaniki, hakuvivaa.

"Hapa mama alipita," aliniambia, akionyesha barabara ya kushuka kuelekea ziwani. "Kwa miguu. Walikuwa wengi, wakubwa na watoto. Walikwenda wamefungwa kamba, mumoja na mwenzake."

"Kamba ya nini, yaya?" nilimuuliza, maana kwetu yaya ni dada mukubwa.

"Ili watoto wasipotee porini."

Niliitazama ile barabara. Halafu nikasema: "Yaya Subira, kamba watu wanafunga mbuzi."

"Cécilia, mudogo wangu, weye ulisoma kwa masista. Mambo ya Waungwana huyajui."

"Tunaweza kurudi. Tuseme daraja limevunjika. Ni kweli limevunjika."

Alikasirika, akanipa mugongo mpaka daraja likatengenezwa. Baada ya hapo meli ya ziwa mpaka Kigoma, treni ya Waingereza mpaka Dar es Salaam, meli nyingine, nikatapika kila nilichokula tangu ubatizo, na Subira akasimama kwenye chuma cha pembeni akitazama mbele. Kila alichoambiwa na mama yake kilikuwepo. Minazi ilikuwepo. Harufu ya karafuu ilikuwepo. Njia zilikuwa nyembamba, kweli kabisa, kuta ndefu kila upande. Kila kitu kilipotokea alinigonga kiwiko. "Umeona? Nilisema nini?" Nilianza kuamini, nasema haki ya Mungu. Nilijiambia labda Abedi aliingia nyumba mubaya.

Nyumba tuliulizia, tukaonyeshwa. Mulango wa misumari ya shaba ulikuwa pale, shaba imekuwa ya kijani. Kwenye kona Subira alisimama. Alikuwa amevaa vile viatu vyeupe tangu bandarini, mara ya kwanza. Akavivua, akavipangusa, akavishika mukononi.

"Vua na weye."

"Mimi miguu yangu laini. Sivui. Mulango huu hapa, yaya, mbele ya pua."

"Ule ni wa upepo," alisema, akazunguka nyuma.

Nyuma kulikuwa na uwanja wa kupikia, kinu, kuku, mupishi anakuna nazi. Musichana mumoja alishuka ngazi, mavazi mazuri, kitabu mukononi. Tulijua baadaye kwamba jina lake ni Nasra, mujukuu wa nyumba. Akatutazama, akaona viatu mukononi mwa Subira.

"Mnatafuta kazi?"

"Tumetoka Kasongo," Subira alisema. "Miye ni mutoto wa Mwamini, aliyekaa hapa kwa Bibi Zuwena."

"Mwamini? Hapa hapakuwahi kuwa na Mwamini, mama. Lakini ngoja nimuulize bibi."

Wakamuleta Bibi Zuwena, ameshikwa mikono huku na huku, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, muzee kabisa. Akawekwa kwenye kiti karibu, kwenye ngazi pana ya chini. Na yeye hakumujua Mwamini. Subira alisogea mbele. Akasema mama yake alikuwa na alama ya kuungua hapa kwenye kifundo, alijua kusuka nywele kwa mistari myembamba, alikuwa anaimba akisuka.

Muzee alipiga kelele. "Faida! Mtoto wa Faida! Njoo, njoo nikushike!"

Alilia, Bibi Zuwena, machozi ya kweli, sitamusingizia. Alimushika Subira uso, masikio, akamupapasa mabega. Subira alikuwa amekaa chini, kwenye sakafu, chini ya ngazi ya mwisho. Hakuna aliyemwambia akae pale. Na alinitafuta kwa macho juu ya kichwa cha yule muzee, na uso wake, Mungu wangu, uso wake uling'aa. Amepokelewa.

Nasra alisema, "Mama, panda juu, kuna viti. Na kwa nini umepita nyuma? Wageni wanapita mbele."

"Mwache," muzee alisema. "Huyu si mgeni. Mama yake alikuwa mtumwa wangu mwenyewe. Baba alinipa Faida siku nilipohitimu Kurani. Wenzangu walipewa bangili, mimi nikapewa Faida, mdogo hivi, katoka bara, hajui hata neno moja. Tulilala chumba kimoja miaka yote. Mimi kitandani, yeye pale mlangoni. Baadaye akakua, akahamia jikoni."

Mupishi aliendelea kukuna nazi. Mimi nilisikia ile mbuzi yake ya kukunia, krr, krr, na nikatamani mutu amunyang'anye.

Subira hakulia. Aliuliza tu, sauti yake ya kawaida, kama anauliza bei ya unga.

"Bibi, na viatu? Mama alisema kwenye kona unavua. Ni kwa sababu ya matumbawe?"

"Matumbawe gani?" Muzee akacheka, meno hana. "Mtumwa na viatu wapi na wapi, mwanangu!"

"Na mulango wa mbele? Si wa upepo?"

"Upepo? Aa, alikudanganya. Hawakuruhusiwa tu."

"Na kungoja kula. Kwamba nazi ya moto inaumiza tumbo."

"Bibi, basi," Nasra alisema. Alikuwa ameweka kitabu usoni. "Basi, tafadhali."

"Niache nizungumze, nina nani tena wa kuzungumza naye habari za zamani? Walikula tulichobakisha, mwanangu, na baba yangu alihakikisha tunabakisha. Hakuwa mtu mbaya."

Subira akauliza na kaniki. Akauliza na kutembea nyuma. Aliyauliza yote, moja moja, kwa mupango ule ule aliomufundisha Abedi na wale wote kabla ya Abedi, na muzee akamujibu yote, kwa furaha, kwa upendo, akimupapasa kichwa. Nilitaka kumuvuta mukono tuondoke. Nilimuvuta. Alikuwa muzito kama kinu.

Chakula kilipoiva Nasra alitupandisha juu kwa nguvu. Mimi nilipanda. Subira alisema ameshiba. Tulipomaliza nilishuka, nikamukuta amekaa na mupishi, anakula kutoka kwenye sinia letu lililorudishwa jikoni.

"Yaya, utakula makombo?"

"Kimepoa," alisema. "Ni kizuri."

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshafagia uwanja. Hakuna aliyemutuma. Nasra alimunyang'anya ufagio, wakavutana kama watoto, Nasra analia. Halafu Bibi Zuwena akaomba asukwe nywele, na Subira akamusuka, mistari myembamba, na yule muzee akafumba macho yake yasiyoona akasema, "Mkono wa Faida huu. Huu huu."

Siku ya meli nilifunga vitu vyangu. Vyake havikuwa vimefungwa. Nilimukuta nyuma, karibu na kinu, anapeta mchele.

"Twende."

"Niende wapi?"

"Kasongo! Kwako! Nani atapika vitumbua?"

"Ulinisikia nikisema mbele ya wamama. Nisipopokelewa hawataniona tena."

"Achana na Abedi. Abedi mupumbavu."

"Abedi aliteka pipa moja, akajua," alisema Subira, na ungo ukasimama mukononi mwake. "Pipa moja tu, Cécilia. Miye nimewafundisha watu miaka hii yote. Nimewavua viatu wanaume wazima. Nirudi nikae wapi? Wanitazame wakila vitumbua?"

"Hawatajua. Sitawaambia."

"Weye?" Karibu acheke. "Weye hata ukuta wa matete hauwezi kukufunga mudomo."

Nikapiga magoti kwenye yale makapi ya mchele. Nikamwambia kwamba hapa si kwao, kwamba hapa ndipo mama yake aliponyang'anywa hata jina. Nikamwambia yule mama alizua matumbawe na upepo ili mutoto wake asijue, na sasa yeye anajua na anabaki. Maneno yote niliyokuwa nayo niliyatoa.

"Kule hakuna aliyemukumbuka mama," alisema. "Siku nilipotoka eda, ulimuona nani? Hapa iko mutu mumoja anajua alama ya kifundo chake."

Kutoka juu sauti ya muzee iliita, "Faida! Faida wee!"

"Labeka," Subira akaitika, akaweka ungo chini, akapanda. Viatu vyeupe alikuwa amevitundika kwenye musumari wa jikoni. Nilivichukua. Nilizani atanifuata kuvidai. Hakunifuata. Nasra alinisindikiza mpaka bandarini, akasema atamushawishi, ataniandikia. Hakuandika, au aliandika na barua ikakwama kwa Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, sijui.

Nilirudi Kasongo peke yangu, njia ile ile, Kabambare na tope lake. Watu walikuwa wamejaa kwenye uwanja wake kabla sijaweka muzigo chini.

"Subira iko wapi?"

Nikasema kila kitu. Mimi si mutu wa kufunika. Nikasema ufagio, ngazi, bangili, makombo, Faida. Nikasema mpaka koo likakauka. Walisikiliza, halafu muke wa yule shemeji, yule yule wa siku ya eda, akashika kiuno.

"Kwa hiyo wamemupokea."

"Hukusikia niliyosema?"

"Nimesikia amekaa. Mutu anakaa mahali pasipo kwao? Ile nyumba yenye mulango wa shaba, uliiona?"

"Niliiona."

"Na yule bibi alilia?"

"Alilia."

"Basi! Mulisema hana kwao. Kwao hata kumuachia arudi hawataki!" Na wamama wakapiga vigelegele. Nikapiga kelele juu ya vigelegele, wakaniambia Mama Cécilia, acha wivu, wewe mukristu, mambo ya Waungwana utayajulia wapi. Shemeji wakaanza kumwita Subira wetu wa Unguja. Sasa wakihesabu babu kwenye arusi, wanamuhesabu na yeye.

Abedi alikuja kesho yake. Nilimungoja kwa hamu, nikajua huyu mumoja anaelewa. Alisimama katikati ya uwanja ule usio na moto, wamama wanamutazama, akainama, akavua viatu, kimoja, kingine, akaviweka kando.

"Vaa viatu vyako, Abedi," nilimwambia. "Haki ilikuwa yako. Nimeona kwa macho yangu."

"Lakini hakurudi," alisema.

"Ndiyo hakurudi! Ndiyo ninachokwambia!"

"Alisema asipopokelewa hatutamuona, lakini wamama wanasema amekaa kwa sababu amepokelewa." Alikuwa anataka sana kuamini, maskini, uso wake wote ulikuwa unataka. "Niliingia nyumba mubaya. Alisema hivyo tangu mwanzo. Mutu wangu alikuwa wa kujipandisha. Aliniuliza swali la matusi, na mimi nikalibeba mpaka huku."

Mwaka huu Amisa, mutoto wa jirani, ameolewa na fundi anayempeleka kisiwani. Nilimwita kwangu, nikamuweka kwenye kiti, nikamupa mashauri yangu mimi niliyefika: pita mulango wa mbele, mwanangu, vaa viatu, kula wakila, wakikuita jina lisilo lako usigeuke. Alinisikiliza kwa heshima. Nikamupa na vile viatu vyeupe. Akashukuru, akaondoka, akaingia uwanja wa pili, ule wa Subira, ambako Abedi sasa anauza vitambaa na watu wanakaa.

Nilikuwa natwanga. Kwenye matundu ya matete nilimuona akimuonyesha viatu.

"Vizuri," Abedi alisema. "Lakini ukifika kwenye kona, vua, ushike mukononi. Muchanga wa kule ni wa matumbawe. Unakula ngozi."